Mjadala: Kotlin ipo, Java bado ina maisha?

Wakuu, kwa wanaojifunza lugha za kuandikia programu kuna swali haliishi: "Nianze na Java au niende moja kwa moja Kotlin?" Na hakosekani wa kujibu kwamba Java ilishakufa, imebaki kuzikwa tu. Mimi nabisha, ila nusu nusu.

Kwenye Android, Java imeshapigwa. Google iliikubali Kotlin rasmi 2017, na 2019 ikatamka kwamba Kotlin ndiyo ya kwanza. Jetpack Compose, zana ya kuchorea skrini iliyofika toleo la 1.0 mwaka 2021, inataka Kotlin. Leo ukianza apu mpya ya Android kwa Java, unajitafutia shida mwenyewe.

Sasa njoo kwenye seva. Cassandra, hifadhidata, ni Java. Elasticsearch, injini ya kutafuta data, ni Java. Spring, fremu ya kujengea programu inayobeba mifumo ya kampuni kubwa kwa ndogo, ni Java. Halafu hiyo Kotlin yenyewe, iliyotangazwa na JetBrains 2011 (nao wakaipa jina la kisiwa kama Java, sijui walikuwa wanamchokoza nani), haikuja na nyumba yake. Ilipanga chumba kwa Java: mashine ile ile ya JVM (programu inayoendesha Java), maktaba zile zile. Mpangaji akiombea nyumba iungue, usiku atalala wapi?

Kinachonifurahisha zaidi ni jinsi mzee alivyoamka. Miaka ya nyuma, kutaka tu kumweka mteja mwenye jina na simu, kwa Java nilikuwa naandika kila kipande kwa mkono: vigeu, konstrakta ya kumuunda, geta mbili za kusoma taarifa zake, equals na hashCode za kumlinganisha, toString ya kumwonyesha kwa maandishi. Mistari 40 na ushee, na ukisahau mmoja unakesha. Kotlin ikaja na hii:

data class Mteja(val jina: String, val simu: String)

Basi, umemaliza. Java ikakaa, ikatazama, na kwenye toleo la 16 mwaka 2021 ikatoa yake:

record Mteja(String jina, String simu) {}

Java 21 ya 2023 ikaongeza nyuzi nyepesi (virtual threads), seva inashikilia maelfu kwa maelfu ya kazi zinazosubiri bila kuelemewa. Hii ni lugha ambayo kati ya toleo la 6 na la 7 ilikaa karibu miaka mitano, 2006 hadi 2011! Sasa toleo jipya ni kila miezi sita. Sisemi ni Kotlin peke yake iliyoiamsha, Scala, lugha nyingine ya JVM, ilianza kuichokonoa mapema. Ila bila washindani ingekuwa bado imelala. Haya, nipingeni.

MCHANGIAJI 1: Kiongozi, umeruka null, yaani kigeu kisicho na thamani yoyote, makusudi. Tony Hoare, aliyeibuni mwaka 1965, mwenyewe alikiri 2009 kwamba ni kosa lake la dola bilioni moja. Kwenye Kotlin, String ni String; kama inaweza kuwa null lazima uandike String? na kompaila (kitafsiri cha programu) haikuachii upite bila kukagua. Kwa Java unakuja kuijua NullPointerException, kosa la kutumia null, mteja akiwa ameshapiga simu analalamika. Record haitibu hilo.

MCHANGIAJI 2: Mimi nashangaa mnaita hayo maisha. Ofisini kwetu kuna mfumo wa mishahara wa Java 8, ya 2014, na hakuna anayethubutu kuugusa. Aliyeuandika alishahama. Mwisho wa mwezi wote tunashika tama mpaka umalize. Huyo anapumulia mashine, mkuu.

MLETA MADA: Kwa null nimenyoosha mikono, hapo sina cha kujitetea. Kwa mishahara, ndugu yangu, huo ni ugonjwa wa ofisi yenu. Mfumo usioguswa miaka kumi utaoza hata uwe wa Kotlin. Nawauliza wenye timu: mradi mpya wa seva, unaanzia sifuri, unashika ipi?

MCHANGIAJI 3: Sisi hatukuchagua. Binti mmoja aliyekuja kwa mafunzo ya kazi aliandika faili moja la majaribio kwa Kotlin ndani ya mradi wa Java, bila kuomba ruhusa. Likakubali. Kesho yake darasa (class) la Kotlin likaita la Java, la Java likaita la Kotlin, hakuna aliyelalamika isipokuwa bosi. Huu ni mwaka wa tatu. Mapya tunaandika kwa Kotlin, ya zamani tumeyaacha yalivyo, na kile kikao cha "lini tutahamisha yaliyobaki" kimeahirishwa mpaka hatukiweki tena kwenye kalenda.

MCHANGIAJI 2: Na huyo binti mlimwajiri?

MCHANGIAJI 3: Ndiye anayenikagulia code zangu sasa.