Chembe zinapotea kwenye modeli ya fueli 17×17: picha, openmc -g au kadi ya VOID?

Nutroni_Kasi: Habari wakuu. Fungu la fueli la PWR (kinu cha nyuklia cha maji yenye shinikizo) kwenye OpenMC, programu ya kuiga safari za neutroni, yaani chembe: fimbo 264, mirija 24 ya kuongozea, mmoja wa vipimo. Chembe ya kumi ikipotea, programu inakata. Kati ya picha, `openmc -g` na kadi ya VOID ya MCNP (programu nyingine ya aina hiyo), kipi kinafichua kosa gani?

Pini264: Anza na picha, mkuu, lakini usichore fungu zima. Nusu kipenyo cha kidonge ni sm 0.4096, ganda la chuma linaanzia 0.418, mwanya ni sm 0.0084 tu. Ukichora sm 21.42 kwa pikseli 1,000, kila pikseli ni sm 0.021, kwa hiyo mwanya unamezwa. Chora pini moja, sm 1.26 kwa pikseli 1,000, utauona. Mwanya usioandikiwa seli (eneo lililofafanuliwa kwenye modeli) si ombwe, ni shimo, na neutroni ikiingia humo imepotea. Uandikie seli, iwe na heliamu au iwe tupu.

Latisi: Soma pia ujumbe wa kosa wenyewe: unataja namba ya uso ambao chembe imeuvuka. Kama ni pembeni tu, kagua `lower_left`, kona ya chini kushoto ya latisi (gridi ya pini). 17 × 1.26 ni 21.42, ila nafasi ya fungu pamoja na mwanya wa maji kati ya mafungu ni sm 21.5, na watu huandika -10.75 badala ya -10.71. Hapo latisi yote inasogea sm 0.04, na upande wa kulia na juu unabaki ukanda wa sm 0.08 usio na mwenyewe. Weka -10.71, kisha `outer`, yaani kinachojaza nje ya latisi, iwe ulimwengu (kundi la seli) wa maji.

Pini264: `openmc -g` ni ya ugonjwa mwingine: seli zilizopandana. Hizo kwa kawaida hazipotezi chembe. OpenMC inachukua seli ya kwanza inayoikuta, k-eff (kipimo cha kuzaana kwa neutroni) inatoka nzuri tu, kumbe ni batili. `-g` ni nzito, maana inakagua kila hatua, basi punguza chembe. Mwishoni soma jedwali: seli iliyokaguliwa mara chache bado haijathibitishwa.

Kadi_na_Uso: Kwa MCNP, VOID (kadi ni mstari wa maelekezo kwenye faili) ni kali sana. Inaondoa nyenzo zote, chembe zinanyooka bila kugongana, na chanzo unakiweka kwenye tufe la nje kikielekea ndani. Ondoa kwanza mipaka ya kuakisi, la sivyo haziingii. Tahadhari kubwa: ukiandika `u` (namba ya ulimwengu wa seli) kwa namba hasi, unaiambia MCNP seli hiyo haikatwi na ukuta wa ngazi ya juu. Kama si kweli, jibu linakosewa kimyakimya. Kuhamisha modeli nzima kwenda MCNP kwa ajili ya VOID peke yake, hapana.

Latisi: Na kosa moja linazipita `-g` na VOID zote mbili: vipenyo vyote vya pini kuandikwa kama nusu kipenyo. 0.8192 ya kidonge imezidi 0.63, nusu ya upana wa nafasi ya pini, latisi inakata pini ukingoni, hakuna chembe inayopotea. Picha ya pini italionyesha. Piga pia hesabu ya ujazo: fueli ya fimbo 264 iwe sm za ujazo 139.1 kwa kila sm moja ya urefu.