Dipendensi za mradi: kuziingiza kwenye repo, seva ya akiba ofisini, au kuvuta mtandaoni kila siku?

Kilimba
Wakuu, heshima kwenu. Tuna mradi wa kukabidhi mwezi ujao na timu imegawanyika. Wengine wanataka maktaba zote za nje (dipendensi, yaani msimbo wa watu wengine tunaoutegemea) tuzipakue na kuziingiza kwenye repo yetu ya Git, hifadhi ya msimbo, pamoja na msimbo wetu. Wengine wanataka seva ya kati hapa ofisini, kila mtu avute kwake. Mimi naona tuache kama ilivyo, package-lock.json ipo (faili linalotaja toleo kamili la kila maktaba), inatosha. Bosi anataka jibu Ijumaa. Ipi bora? Nawasilisha.

Mtemi wa Seva
Mkuu umeuliza nauli bila kusema unakwenda wapi. Lugha gani? Mko wangapi? Mashine ya mteja ina intaneti au haina?

Chambo
go mod vendor (amri ya lugha ya Go ya kunakili maktaba zote ndani ya mradi), kazi imeisha. Tangu Go 1.14, folda ya vendor ikiwepo, go build inaitumia yenyewe bila kuambiwa. Sioni mjadala hapa.

Binti Msimbo
@Chambo kasema wapi anatumia Go? Wewe mtu akiuliza Excel utamletea Go.

Kilimba
Samahani wakuu. Nyuma ni Python (Django), mbele ni React. Tuko watano. node_modules, folda ya maktaba za JavaScript, peke yake ni mega mia tano na ushee.

Nairobi_Usiku
Ndugu, hizo mega mia tano usizitie kwenye Git, tafadhali. GitHub yenyewe inakataa faili lolote linalozidi MB 100. Halafu mtu akipandisha toleo la maktaba moja, PR (ombi la kuingiza mabadiliko) inakuja na maelfu ya mistari, na hakuna mtu ataisoma, wote watabonyeza kukubali. Sisi tunatumia Verdaccio, seva ya akiba ya vifurushi vya JavaScript. Wa kwanza akivuta kifurushi kinatoka nje, wa pili anakipata hapo hapo ofisini. Upande wa Python kuna devpi, kazi ni ile ile.

Chambo
Mmesahau left-pad? Machi 2016, mistari 11 tu ya JavaScript, mwenyewe kaiondoa npm (ghala la vifurushi vya JavaScript), watu wa Babel na React dunia nzima wakakwama. Aliyekuwa na nakala yake ndani ya repo hakujua hata kama kuna msiba.

Binti Msimbo
Hiyo hadithi imechoka. Baada ya pale npm walibadilisha masharti, kifurushi kinachotegemewa na wengine hakifutiki kirahisi. Taja ya Januari 2022, colors na faker, mwenyewe alipoziharibu kwa makusudi. Pale waliopona ni waliofunga matoleo na kutumia npm ci, inayosakinisha yale yale yaliyofungwa. Hawakuhitaji kubeba mzigo wote kwenye repo.

Na kuna upande hamuusemi. Desemba 2021 Log4j, maktaba ya Java ya kuandika kumbukumbu, ilipotoboka kiusalama, kazi kubwa ilikuwa kuitafuta imejificha wapi. Nakala ziko ndani ya faili za jar (vifurushi vya Java), ndani ya jar nyingine, hazimo kwenye orodha yoyote. Ukishamnakili mgeni ndani ya nyumba, matunzo ni yako. Kati ya hao watano, nani atakuwa anafuatilia matoleo ya usalama?

Mtemi wa Seva
Sijajibiwa kuhusu intaneti ya mteja, na ndiyo inayoamua. Ngoja niwasimulie.

Tulipokea kazi iliyoachwa na mkandarasi mwingine, mfumo wa stoo ya dawa, wilayani. Seva imefungwa kabisa, haitoki nje. Tukaambiwa msihofu, dipendensi zote zimo kwenye flashi. Kweli zilikuwemo, folda ya wheels (vifurushi vya Python vilivyo tayari kusakinishwa) imejaa. Tukafika, tukaandika pip install --no-index --find-links=wheels -r requirements.txt. Jibu: hakuna toleo la psycopg2-binary linalofaa, na kwenye mabano, "from versions: none". Faili tunaliona kwa macho! Kuja kusoma jina lake hadi mwisho: cp311, win_amd64. Bwana yule alipakua kwenye laptopu yake ya Windows yenye Python 3.11. Seva ni Ubuntu 20.04, Python 3.8. Zile maktaba za Python tupu hazikuwa na shida, lakini kila yenye C ndani yake iligoma, cryptography ikiwemo.

Mtu wa TEHAMA pale akakataa tusichomeke simu kwenye seva, na kwa kweli alikuwa sahihi. Mwenzangu akaenda kusimama karibu na tangi la maji, ndipo mtandao unashika, akapakua upya kwa pip download akitaja --platform manylinux2014_x86_64, --python-version 3.8 na --only-binary=:all:. Bando likaisha katikati ya numpy. Duka la vocha limefungwa, Jumapili jioni. Tukalala huko.

Kwa hiyo mtu akiniambia "tumeziweka ndani", nauliza: za mashine ipi?

Binti Msimbo
Hilo ni kweli hata kwa React. esbuild, zana ya kujengea msimbo wa JavaScript, ina faili la mashine tofauti kwa Windows na Linux. Ukinakili node_modules kutoka laptopu kwenda seva, inagoma. Yarn mpya (mbadala wa npm) afadhali, inaweza kuweka kila kifurushi kama zip moja ndani ya .yarn/cache, unaweza kuziingiza kwenye Git bila kelele nyingi.

Kasuku_Mweusi
Mnaongea usalama, mimi naongea bando. Mei 2024 kebo za EASSy na Seacom zilipokatika baharini, huku Dar npm install ilikuwa hadithi. Ofisi yenye akiba yake ilifanya kazi, sisi tulicheza karata.

Nairobi_Usiku
Wekeni Starlink.

Kasuku_Mweusi
Wewe ongea ya Nairobi. Huku hiyo ni mada ya jukwaa jingine, usituletee kesi.

Chambo
Kwenye Go hamngecheza karata.

Kilimba
Asanteni. @Mtemi, seva ya mteja haina intaneti. Nilidhani nimesema.

Mtemi wa Seva
Hujasema! Basi wazo lako la kuacha kama ilivyo limekufa, angalau siku ya kukabidhi. React ijengeeni ofisini, mpeleke folda ya build tu, Node haina kazi kule. Wheels mpakue ndani ya kontena (mazingira yaliyotengwa, kama Docker) lenye Ubuntu na Python zile zile za mteja, kisha mjaribu mkiwa mmezima mtandao.

Nairobi_Usiku
Na bado watano wanahitaji Verdaccio ya kila siku.

Binti Msimbo
Watano? Akiba ya npm kwenye kila laptopu inatosha. Hiyo seva umeme ukikatika nani anaiwasha?

Nairobi_Usiku
UPS.

Kasuku_Mweusi
UPS za siku hizi betri haimalizi mwaka. Yangu inalia tu kama kifaranga.

Kilimba
Tukichukua ya seva, kompyuta ndogo ya i5 yenye GB 8 itatosha? Kuna mwenye duka Kariakoo anauza za mtumba?

Kasuku_Mweusi
Njoo inboksi. SSD lakini ununue mpya.