"Borrow" na "lend": nimweleze vipi mtoto?

Mzazi wa Kayole:
Hamjambo wanajukwaa. Binti yangu wa gredi ya sita aliandika katika insha ya Kiingereza "My friend borrowed me his bicycle", na sentensi hiyo ikakatwa kwa kalamu nyekundu bila maelezo. Ananiuliza kosa liko wapi, kwani kwa Kiswahili tunasema "rafiki yangu aliniazima baiskeli yake" na hakuna anayelalamika. Ningependa aelewe, si kukariri tu.

Mwalimu mstaafu:
Mzazi, binti yako ameifuata sarufi ya Kiswahili kwa uaminifu mkubwa. Kitenzi "azima" kinatumika kwa anayetoa na kwa anayepokea pia: "nimeazima baiskeli kwa Otieno" na "Otieno ameniazima baiskeli" zote ni sahihi, na kinachotuonyesha baiskeli imeelekea wapi ni kile kiambishi "ni" au neno "kwa". Kiingereza hakina kiambishi cha namna hiyo, kwa hiyo kimegawa kazi kwa vitenzi viwili. Anayepokea ndiye hufanya "borrow", na mwenye mali ndiye hufanya "lend". Mwambie akumbuke "kopa" na "kopesha", ambavyo hatuvichanganyi hata siku moja dukani. Panapokubali "kopesha", aandike "lend". Panapokubali "kopa", aandike "borrow". Kisha mfanyishe zoezi la kuomba kalamu kwa njia mbili, "Can I borrow your pen?" na "Can you lend me your pen?", aone kwamba ombi ni lile lile ila mtendaji amebadilika.

Mpangaji wa Umoja:
Naongeza jambo ambalo huenda likampa mtoto moyo. Kwenye nyumba mambo hugeuka: sisi tunatenganisha vizuri kupanga na kupangisha, ilhali Mwingereza anatumia "rent" kwa mpangaji na kwa mwenye nyumba vilevile. Mtu akisema "I rent a house in Umoja" bila maelezo zaidi, huwezi kujua kama analipa kodi au anapokea, na ndiyo maana wenye nyumba husema "rent out", au "let" kwa Kiingereza cha Uingereza, neno tunaloliona kila siku kwenye vibao vya "To Let" vilivyotundikwa malangoni hapa mtaani.

Mzazi wa Kayole:
Ahsanteni sana, hasa kwa mfano wa kukopesha. Na "loan" je? Nimesikia watu wakisema "he loaned me".

Mwalimu mstaafu:
Ni sahihi, na Marekani ni kawaida kabisa, ila wapo wanaofuata mtindo wa Uingereza ambao hupendelea "loan" ibaki nomino. Katika mtihani atumie "lend", na aangalie wakati uliopita: ni "lent", wala si "lended". Sentensi yake basi iwe "My friend lent me his bicycle", au "I borrowed my friend's bicycle" akitaka kuanza na yeye mwenyewe.