Mjadala: Abate aliyekataza watu kusaga nyumbani kwao alikuwa baba au kabaila?

Mleta mada

Wakuu, salaam. Juzi nimebishana na shemeji yangu, mtu aliyepita seminari, kuhusu abasia za Ulaya ya kale, yaani monasteri kubwa zinazoongozwa na abate. Yeye anasema bila wamonaki watu wangekufa njaa na kusoma kungesahaulika. Nikamwambia sawa shemeji, lakini nieleze ile sakafu ya St Albans.

Kwa wasioijua: St Albans ni mji wa Uingereza, kaskazini ya London. Karne ya 14 mji huo ulikuwa chini ya abasia ya Wabenediktini. Ukiwa na ngano au kimea chako, ulitakiwa ukasage kwenye kinu cha abate na uache sehemu ya nafaka kama malipo. Watu wakawa wanasaga nyumbani kimyakimya kwa mawe ya mkono. Abate Richard wa Wallingford (1327–1336) akawabana mpaka wakayasalimisha mawe, kisha akayatandaza yawe sakafu ya ukumbi wa maongezi wa monasteri. Yaani ukienda kumwona abate na shida yako, unakanyaga jiwe la mama yako.

Juni 1381, wakulima wa Uingereza walipoasi, wenyeji waliingia ndani, wakayang'oa mawe yale, wakayavunja, na kila mmoja akapewa kipande, kama wanavyogawiana mkate uliobarikiwa Jumapili. Aliyeyaandika haya, Thomas Walsingham, alikuwa mmonaki wa hapohapo, na waasi aliwachukia kwelikweli. Kiongozi wao, William Grindcobbe, alinyongwa.

Swali langu ni dogo tu: mtu aliyeweka nadhiri ya ufukara anafikaje huko?

Mseminari Mstaafu

Mleta mada, umemchukua abate mmoja siku yake mbaya. Richard alikuwa mtoto wa mhunzi, akafiwa na baba akiwa mdogo, akalelewa na mkuu wa monasteri na kupelekwa Oxford. Ndiye aliyebuni saa kubwa ya kufuatilia mwendo wa jua na mwezi, huku anaumwa ukoma uliokuja kumuua. Mfalme Edward III alipomlaumu kwamba anahangaika na saa wakati kanisa limebomoka, alijibu kwamba ukuta ataujenga hata abate ajaye, ila saa hakuna mwingine atakayeimaliza. Huyo ndiye kabaila wako?

Halafu soma Kanuni ya Mtakatifu Benedikto, karne ya 6, ndiyo sheria ya maisha ya Wabenediktini. Sura ya 33: mmonaki hana chake, si kitabu, si kalamu. Sura ya 55 inamtaka abate apekue vitanda asije mtu akaficha kitu. Kisu, sindano na leso unapewa na abate. Kinu hakikuwa mali ya Richard. Kilikuwa cha nyumba, na nyumba ililisha wageni na maskini. Na kulazimisha watu kinu kimoja ilikuwa desturi ya wenye ardhi wote wa zama hizo, hata wasio na kanzu.

Fundi Mashine

Mzee wangu Mstaafu, shikamoo, ila hapo kwenye "cha nyumba" ndipo penye mtego. Mmoja mmoja ni fukara, wote kwa pamoja ni matajiri. Mtu mwenye tamaa yake utamwona aibu ikimshika. Huyu asiye na chake hana aibu, kwa sababu kila anachonyang'anya anasema si changu, ni cha mtakatifu.

Chukua Samson, abate wa Bury St Edmunds, abasia nyingine ya Wabenediktini hukohuko Uingereza, 1182 hadi 1211. Habari zake tunazo kwa sababu Jocelin wa Brakelond, mmonaki aliyekuwa kapelani wake, aliandika kila kitu. Na Samson alikuwa mchapakazi hasa: alikuta abasia imezama kwenye madeni, akayalipa. Alijenga hospitali, na alitoa nyumba ili wanafunzi maskini wasilipe kodi. Basi mzee mmoja, dekano Herbert, akajijengea kinu cha upepo. Samson aliposikia, hasira ikampanda hata chakula na maneno vikamshinda. Kesho yake baada ya Misa akaagiza maseremala wakakibomoe. Herbert akaja mbio kujitetea: upepo ni wa Mungu, haufai kunyimwa mtu, na mimi nasaga nafaka yangu tu. Samson akamwambia nakushukuru kama ambavyo ningekushukuru ungenikata miguu yote miwili. Akaapa hatakula mkate mpaka kinu kilale chini.

Na sababu aliitaja mwenyewe: watu wa mji watakimbilia kwako kusaga, na mimi sitaweza kuwaadhibu kwa kuwa ni watu huru. Mnasikia hiyo? Mzee wa watu akaogopa, akafuata ushauri wa mwanawe, akakibomoa mwenyewe. Mafundi walipofika hawakukuta cha kubomoa.

Mimi kazi yangu ni mashine za kusaga. Mtu akifungua yake jirani, naumia. Lakini siwezi kwenda kuifungua boliti zake kwa jina la mtakatifu.

Msomaji wa Kimya

Ongezeni na hili. Mwaka 1190, Jumapili ya Matawi, Wayahudi 57 waliuawa hapo Bury. Samson akaenda kwa mfalme kuomba kibali cha kuwafukuza waliobaki, akapewa, wakatolewa mjini chini ya ulinzi. Hospitali yake haifuti hilo.

Mama wa Ruvuma

Wanangu, mimi nimekulia karibu na misheni ya Wabenediktini, kwa hiyo neno abate halinitishi. Mashine ya misheni naikumbuka vizuri: foleni tangu alfajiri, debe la mahindi kichwani, unga unatoka wa moto mpaka unauhamisha kiganja hiki na kile. Bruda mashineni amekuwa mweupe pee hadi kope. Tulilipa, na hakuna aliyelalamika.

Lakini nyumbani bibi alikuwa na kinu na mchi wake. Siku akitaka kutwanga alitwanga, na hakuna bruda aliyekuja kumwuliza. Ndiyo maana naona mnabishana mahali sipo penye shida. Abasia kuwa na mashine si kosa. Jambo lilibadilika pale Richard alipolifuata jiwe la mtu uani kwake.

Kijana wa Historia

Mama umemaliza. Niongeze kidogo tu: wamonaki wenyewe walibishana haya kabla yetu. Mwaka 1098 kundi lilijitenga kwenda Cîteaux, Ufaransa, likitaka jasho la mikono yao badala ya kodi. Bernard wa Clairvaux, abate wa shirika lililotokana na kundi hilo, akawasema vikali Wakluni, wamonaki wa abasia tajiri ya Cluny, kwamba kanisa linang'aa kuta huku maskini wake wakihitaji. Vizazi vichache baadaye abasia za shirika hilohilo la Bernard zilikuwa zinauza sufu kwa wafanyabiashara wa Italia, na Fountains kule Yorkshire ilijifunga kwa madeni ya sufu ambayo kondoo hawajaiotesha.

Mleta mada

Nimerudi. Mama, shikamoo, nakubali. Mzee Mstaafu, la saa sina jibu. Ila kwa kuwa umeifungua Kanuni, endelea mpaka sura ya 57. Benedikto anasema vitu vinavyotengenezwa na mafundi wa monasteri viuzwe bei ya chini kidogo kuliko ya watu wa nje, uchoyo usiingie kwenye bei. Sasa kama kinu cha St Albans kingefuata sura hiyo, nani angejichosha kuzungusha jiwe kwa mkono usiku?

Shemeji nimemtumia uzi wote. Kajibu kwa neno moja, "Nasoma", na hiyo ni tangu juzi.