Kumshika nyoka mbele ya kamera: kunamwokoa nyoka au kunatuponza sisi?

Mwalimu wa Langoni
Assalamu alaykum jamaa. Swali hili nalileta kwa sababu ya jambo lililotokea mtaani kwetu hapa Lamu juma lililopita. Watoto watatu, mkubwa wao hajafika miaka 11, walimkuta nyoka kwenye gofu lililo nyuma ya nyumba yetu. Zamani wangekimbia wakipiga mayowe. Safari hii mmoja alimshika mkia, wa pili akawa anarekodi kwa simu, wa tatu anatangaza kama mtu wa televisheni. Alhamdulillahi nyoka mwenyewe hakuwa wa sumu. Nilipowauliza wamejifunza wapi, wakanitajia vipindi vya marehemu Steve Irwin, yule Mwaustralia wa mamba, ambavyo baba yao huwawekea kwenye simu. Je, kumshika mnyama wa hatari ili watu watazame kunamhifadhi mnyama huyo, au kunafundisha watu kumchezea? Mimi naona kunadhuru, na usiku ule sikulala.

Kijana wa Shela
Mwalimu, kwa heshima zote, napinga. Kabla ya Irwin nani alimpenda mamba? Simba ana wapenzi, ndovu ana wapenzi, mamba alikuwa wa kupigwa risasi tu. Kipindi chake kilianza 1996 na kikatazamwa dunia nzima. Pesa alizopata alinunulia ardhi ya wanyama, na waliotaka matajiri waruhusiwe kuwinda mamba kwa starehe aliwapinga hadharani. Hata kuna kobe wa mtoni huko Queensland, Australia, anayeitwa kwa jina lake. Mtu aliyekufa ameshika taa, yule samaki mwenye mwiba mkiani, kwa ajili ya viumbe hastahili kulaumiwa kwa utundu wa watoto wa Langoni.

Bahari Njema
Hakumshika taa yeyote, kaka. Tarehe 4 Septemba 2006, kwenye mwamba wa Batt Reef, alikuwa akiogelea juu ya taa mkubwa katika maji mafupi huku akipigwa picha, ndipo taa akamchoma kifuani. Alikuwa na miaka 44. Tazama ulivyokosea: kwa kuwa ulizoea kumwona ameshika, umemshikisha hata siku ambayo hakushika. Ndicho alichokisema mwalimu.

Tena baada ya msiba ule, pwani za Queensland walikutwa taa waliouawa, wengine wamekatwa mikia. Watazamaji walimpenda mtu, mnyama wakamgeuza adui. Wala tusiwacheke, maana wavuvi wetu wa Lamu hukata mkia wa taa kila siku hata kabla samaki hajafa.

Mwana wa Nahodha
Yeo umenigusa pabaya. Hayo ya televisheni nayawacha, nakujibu hili la mkia.

Umewahi kuwa ndani ya mashua, watu wanne miguu mitupu, wavu umepanda na taa wawili wazima wanapiga mikia? Mwiba wa taa una meno kama msumeno na umeelekea nyuma. Ukiingia kwenye mguu, hautoki ila na nyama. Na una sumu. Baba yangu alichomwa kifundoni mbali na Manda, upepo umekufa, tukapiga makasia mpaka jua linatua. Mtu mzima, nahodha, alilia kama mtoto, na kidonda kilimweka nyumbani miezi miwili. Tangu siku hiyo taa akipanda chomboni mwetu, kwanza ni kisu. Kisha taa yule twamla, na mwingine twauza apate kula mwenzetu. Anayekata mkia kwa kisasi na kumtupa samaki ufuoni hawezi kulinganishwa na anayekata ili arudi kwa wanawe. Uniombe radhi.

Bint Mkomani
Na mikia hiyo ilikwenda wapi, ami? Mimi nakumbuka mmoja uliotundikwa ukutani kwenye chuo cha Qur'ani, umekaushwa, mweusi. Sikuwahi kupigwa nao, ila kila nikisahau aya macho yangu yalikwenda ukutani. Mpaka leo samaki taa simli.

Mwalimu wa Langoni
Chuoni kwangu hakuna mkia wa taa, dada, wala hautakuwepo. Turudi kwenye swali.

Bint Mkomani
Sikukusudia wewe, mwalimu. Lakini kwa kuwa umesema turudi: mimi ni mama. Januari 2004 huyo huyo Irwin aliingia kwa mamba, mkono mmoja amebeba mwanawe wa mwezi mmoja, mkono wa pili kuku wa kumlisha mamba. Dunia ilimkasirikia, naye akasema mtoto hakuwa hatarini. Huenda kweli alimjua mamba wake. Lakini baba wa hao watoto watatu anamjua nyoka gani?

Kijana wa Shela
Kwa hiyo kosa ni la baba. Tumekubaliana.

Muuguzi Mstaafu
Hatujakubaliana, mwanangu. Nimeuguza waliong'atwa kwa miaka mingi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa kati ya watu 81,000 na 138,000 hufa kila mwaka kwa sumu ya nyoka, na mwaka 2017 liliiweka shida hii kwenye orodha ya maradhi yaliyosahauliwa. Waliosahauliwa ni wakulima, wachunga mbuzi, na watoto wanaolala chini. Kipindi humwonyesha nyoka akikamatwa, lakini hakionyeshi wodi. Niliwahi kumpokea kijana aliyefungwa kamba pajani kwa saa nyingi mpaka mguu ukawa kama mkaa, na hospitali niliyokuwako haikuwa na dawa hata chupa moja. Mguu ulikatwa.

Nawaomba wanaosoma hapa: ukiumwa na nyoka usichanje, usinyonye, usikaze kamba. Tulia, kiungo kisitikiswe, upelekwe hospitali mara moja. Ukichomwa na taa, kitie kidonda kwenye maji ya moto unayoweza kuyastahimili, kwa muda mrefu, maana joto huivunja sumu ile na maumivu hupungua, kisha nenda hospitali. Na mkitembea kwenye maji ya magoti burutieni miguu mchangani. Taa akisikia mtu anakuja huondoka mwenyewe.

Mwana wa Nahodha
Allah akuweke, mama. Hilo la maji ya moto laiti tungelijua siku ile.

Mtembeza Wageni, Watamu
Naomba niingie, japo mimi ni wa upande wa Malindi. Si kila ashikaye nyoka ni mchezaji. Hapa Watamu kuna Bio-Ken, kituo cha nyoka kilichoanzishwa 1980 na marehemu James Ashe. Nyoka akiingia nyumbani mwako wanakuja kumtoa kwa fimbo yenye ndoano, bila kumuua na bila kukudai. Wageni wangu huwaona kina koboko na kifutu wakiwa nyuma ya kioo. Nimewaona wanakijiji waliokuwa wakichoma moto kichaka kizima kwa ajili ya nyoka mmoja, sasa wanapiga simu. Aliyewabadilisha ni jirani anayeitika wakiita, hata saa nane ya usiku.

Kasa vilevile. Mvuvi akimnasa kwenye wavu huwapigia Local Ocean Conservation, shirika la kuhifadhi kasa, wanakuja kumchukua, wanampima na kumrudisha baharini, na mvuvi hupewa kifuta jasho.

Mwana wa Nahodha
Hapo ndipo pangu! Watamu mvuvi anapewa kifuta jasho, na mimi huku nikirarukiwa wavu na kasa nashona mwenyewe kwa pesa yangu. Kiunga, huku kwetu Lamu, imekuwa hifadhi ya bahari tangu 1979, babu zetu wameiona ikiwekwa. Nani amekuja na kamera kuuliza mvuvi anayemwachia kasa akatoka mikono mitupu? Sheria ya wanyamapori ya 2013 iliandika shilingi milioni 5 kwa aliyeuawa na mnyama na milioni 3 kwa aliyepata ulemavu wa kudumu. Waulizeni watu wa Mto Tana waliochukuliwa watoto na mamba kama wamezishika kwa wakati.

Kijana wa Shela
Ami, kwako kila jambo ni pesa. Mtu anaweza kumpenda mnyama bila kulipwa.

Mwana wa Nahodha
Usiniite ami kisha ukanitukana. Nyumba yenu ya wageni hapo Shela inalipisha kwa usiku mmoja kiasi gani? Wageni wanakuja kutazama bahari. Bahari hiyo ina kasa kwa sababu mimi nimemwachia. Kumpenda kasa kwako ni bure kwa kuwa gharama nimeibeba mimi.

Kijana wa Shela
Nyumba si yangu, ni ya mjomba. Lakini neno lako nimelisikia. Radhi, ami.

Bahari Njema
Nami radhi kwa lile la mkia. Nililisema kwa wepesi. Ila nashikilia kwamba taa wamepungua, na kisu hakichagui mkubwa wala mchanga.

Mwana wa Nahodha
Wamepungua, sikatai. Baba alikuwa akiwarudisha wadogo. Yeo ni watu wachache wanaorudisha.

Mwalimu wa Langoni
Nimewasoma wote. Wale watoto watatu wako darasani mwangu, na bado kuna mmoja anayewaonyesha wenzake ile picha ya nyoka. Kumnyang'anya simu haitoshi. Mwana wa Nahodha, nakuomba kitu: uje chuoni uwaeleze habari ya baba yako. Mama Muuguzi naye akipata nafasi.

Mwana wa Nahodha
Juma lijalo ni maji mafu, chombo kitakuwa kimepumzika. Nitakuja Jumamosi baada ya alasiri. Nitaleta taa aliyekwisha kufa, na mwiba wake uko mahali pake, wauone ulivyo. Lakini simu sitaki.

Kijana wa Shela
Bila simu watajua hao ishirini peke yao. Wa Faza na Siyu, kule kisiwani Pate, je? Niruhusu nirekodi maneno yako tu, ami, na mwiba ukiwa juu ya meza. Hakuna atakayeushika.

Mwana wa Nahodha
Na kidonda cha baba? Alama ipo mpaka kesho.

Kijana wa Shela
Akikubali mwenyewe, nitaanza na hiyo.