Transfoma ya voliumu imemeza besi ya santuri

Kibokoni: Ndugu zangu, nina santuri za taarab za marehemu babangu. Gramafoni inaingia kwenye prii (kikuza sauti cha mwanzo) ya valvu, kisha transfoma ya voliumu, ya kupandisha na kushusha sauti, badala ya potenshiomita (rezista ya kuzungusha). Sauti ya mwimbaji ni tamu mno, lakini besi imekonda. Ni sindano?

Likoni: Sindano haina kosa, kaka. Prii inatokea valvu gani?

Kibokoni: ECC83, moja kwa moja kwenye anodi (ncha ya kutolea ya valvu), rezista ya kiloomu 100.

Likoni: Hapo ndipo! Hiyo hutoka na ukinzani wa takriban kiloomu 40. Transfoma yataka chanzo cha omu mia chache tu, la sivyo indaktansi yake (koili hupitisha kwa urahisi masafa ya chini) humeza besi. Ongeza bafa ya kathodi, hatua ya valvu ya kushusha ukinzani huo.

Kisauni: Na kapasita ya kutokea isiwe ndogo, shekhe, ndogo ikikutana na transfoma huzusha mvumo wa chini.