Nimefungiwa rimu za inchi 19 na kushushiwa gari milimita 50 bila fundi kupima chochote

Ndugu wadau, nimekaa na hasira hii wiki mbili nikijizuia kuandika, lakini jana nilipitisha kidole upande wa ndani wa tairi la mbele kushoto nikachomwa na nyuzi za chuma, na sitanyamaza tena. Tairi hilo limetembea kilomita 4,000 tu. Ukilitazama kwa nje lina kashata zake zote. Ukiinama ukachungulia ndani, ni kipara.

Gari ni Toyota GT86 iliyotoka kiwandani na rimu za inchi 17 zenye upana wa inchi 7 na ofseti ya 48 (yaani uso wa rimu unaofungwa kwenye habu uko milimita 48 nje ya katikati ya upana wake), pamoja na matairi ya 215/45R17 (upana wa milimita 215, ubavu wa asilimia 45 ya upana huo, rimu ya inchi 17). Nilimweleza fundi kwamba nataka ipendeze na ikate kona vizuri zaidi. Aliizunguka mara moja, akaingiza vidole vitatu kati ya tairi na digadi, akasema inchi 19 zitakaa, na springi za kushusha milimita 50 zitaziba hiyo nafasi. Hakutoa hata tepu ya kupimia.

Kinachoniuma ni kwamba hesabu yenyewe haihitaji chuo. Rimu alizofunga zina upana wa inchi 8.5 na ofseti ya 35. Gawanya upana wa kila rimu kwa mbili, kisha utoe ofseti kwa ukingo wa nje au uijumlishe kwa ule wa ndani, utakuta ukingo wa nje umetokeza milimita 32 kuliko ule wa awali, huku ukingo wa ndani ukisogelea shokamzoba kwa milimita 6. Milimita 32 kwenda nje, kwenye gari lililoshushwa 50! Kila nilipopita kwenye tuta, mdomo wa digadi ulikuwa ukikwangua bega la tairi, hadi rangi ikabanduka pale ukingoni na sasa limebaki bati tupu.

Matairi aliyochagua ni 225/35R19. Ubavu wake una milimita 79 badala ya 97, kwa hiyo mpira wa kufyonza mashimo umepungua, na bado kipenyo cha gurudumu kimeongezeka kwa zaidi ya asilimia 2, jambo ambalo limefanya gia zote ziwe ndefu na gari liondoke kwa uzito. Angenipa 215/40R18 kwenye rimu yenye ofseti inayokaribia ya kiwandani, kipenyo kingebadilika kwa milimita 4 tu, na leo nisingekuwa na la kulalamikia upande huo.

Lakini kosa kubwa liko kwenye kushusha. Aliweka springi fupi akaacha shokamzoba zilezile za kiwandani, ambazo zikawa zinafanya kazi zikiwa zimekwisha zama nusu ya safari yake, yaani nafasi yake ya kupanda na kushuka, na bonde dogo tu lilitosha kuzigongesha kwenye mpira wa kizuizi. Likitokea hilo katikati ya kona, gurudumu linakuwa gumu ghafla na tairi la mbele linaachia barabara. Limenitokea mara mbili, na mara ya pili nilikuwa na mtoto ndani ya gari. Isitoshe, mikono ya chini ya mbele, ile inayoshika gurudumu, ilikuwa imeinuka kuelekea kwenye gurudumu, na kwa mfumo wa mbele wa gari hili maana yake ni kwamba bodi inalala zaidi kwenye kona kuliko mtu anavyotegemea kwa springi ngumu kama hizo. Nilitaka kona bora, nikauziwa mwonekano.

Baada ya kazi yote hiyo hakupanga magurudumu (alaimenti). Nilipopeleka gari kupimwa kwingine, kemba ya mbele, yaani mlalo wa gurudumu, ilikuwa hasi (juu limeinamia ndani) nyuzi 1.9 kushoto na 1.2 kulia, na magurudumu yote mawili yalikuwa yanatazama nje. Hapo ndipo lilikokwenda tairi langu.

Nilipomrudia alinijibu kwamba magari ya spoti ndivyo yalivyo. Sivyo yalivyo, na watengenezaji wengi wa springi za gari hili hushusha milimita 20 hadi 30 kwa sababu wanaujua urefu wa safari ya shokamzoba zake. Nimekwisha rudisha springi na rimu za kiwandani kwa gharama yangu. Ninachomdai ni bei ya matairi mawili ya mbele na ya kunyoosha digadi, na karatasi ya vipimo ninayo mkononi.